Namba Nne kwenye Kinanda

Jumanne, 3 Septemba

Nimepewa kazi! Ule wimbo wa jioni — mkongwe, kila mtu kanisani anaujua, hata wanaosinzia — ndio tutakaokwenda nao kwenye mashindano ya kwaya. Sheria ni moja kwa wote: chukua wimbo wa zamani wa kitabuni, uupange upya kwa sauti nne. Mwenyekiti wa kwaya kasimama, katangaza kwamba mpangaji ni mimi. Makofi. Mama mkwe akaendelea kupiga makofi peke yake wenzake walipokwisha kunyamaza. Niliona haya, lakini nilifurahi. Kwa nini nijifiche humu? Shajara hii inakaa nyuma ya kopo la unga, haina msomaji mwingine.

Huo wimbo ni wa mama huyu. Ubeti wa kwanza huuimba yeye peke yake, kinanda kikimfuata polepole, sisi wengine tunaingia ubeti wa pili. Ndivyo nilivyoukuta nilipoolewa. Hata siku ya kumzika baba mkwe aliuanzisha mwenyewe, amesimama wima kando ya kaburi, na hakukosea.

Tumerudi mimi na mama kwa miguu. Kanisani ananiita mwalimu, kama wengine. Tukishavuka geti tu, nakuwa mwanangu. Hachanganyi hata siku moja.

Alhamisi, 5 Septemba

Mwenyekiti kaja dukani ninakotoa kopi. Alijifanya anataka kopi ya kitambulisho — kopi moja! — kisha akasubiri wateja waishe. Mashine inanguruma, yeye ananong'ona, ikabidi niizime ndipo nimsikie. Habari yenyewe: sauti ya mama inatetemeka siku hizi. Kamati imekaa. Majaji wa mashindano hawana huruma. Ubeti wa kwanza apewe Nesi. (Nesi ni yule dada wa zahanati, mgeni kwetu, sauti safi kama maji yaliyochemshwa, na haina ladha. Hapana, nimemwonea. Anaimba vizuri.)

Nikamwomba amwambie mwenyewe. Akacheka. Eti mimi ndiye mkwe, nakaa naye nyumba moja, nitajua pa kuanzia.

Lakini ndiyo maana siwezi! Nimekwisha kumchukulia mwanawe, nimechukua na jiko lake, sasa nichukue na wimbo? Watu watasema. Na yeye hatasema kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Nikajibu sawa. Sawa! Kinywa hiki kitaniponza.

Jumapili, 8 Septemba

Mpangilio unakwenda vizuri mno. Besi nimewapa kazi ubeti wa tatu. Kwa mara ya kwanza watajua kwamba wako hai. Alto wanatangulia nusu mstari, wengine wanawafuata. Sauti ya kwanza sijaigusa. Pale mstari wa tatu, wimbo unapopanda hadi do ya juu kabisa, nimepaacha palivyo.

Mama kaniletea chai, kakaa. Akaisoma karatasi kwa kidole, akiimba chinichini: so, la, ti, do. Yeye ndiye aliyenifundisha solfa, mwaka ule nilipokuja nyumba hii kama bibi harusi, sijui kupika wala kuimba. Tulikuwa tukichambua mchele mezani, ananitajia nota, nami namrudishia. Kupika alikata tamaa mapema. Alipofika mstari wa tatu akasema hapo nisipaguse, hapo ndipo anapopapenda.

Nilipanga kumwambia leo. Nikafungua mdomo, nikasema chai imekolea sukari.

Nimemweleza baba watoto. Kasema hayo ni mambo ya kwaya, yeye hayamo. Mwoga kama mkewe.

Jumanne, 10 Septemba

Nimefanya jambo. Sijui kama ni baya. — Najua ni baya.

Sisi tunaimba kwa solfa. Do ni do popote utakapoiweka. Ukiishusha, wote tunashuka; ukiipandisha, wote tunapanda; karatasi inabaki vilevile. Ile herufi ya ufunguo pale juu, inayoonyesha do ianzie wapi, hakuna anayeisoma. Tunasubiri kinanda kitupe do, tunaanza. Na kinanda chetu kina kitufe. Ukikibonyeza mara moja, kila kitu kinapanda nusu sauti. Mpigaji anapiga palepale alipozoea, ila kwenye kioo kidogo cha mbele inatokea namba 1.

Nikamwambia Vidole abonyeze mara moja. Vidole ndiye mpigaji wetu, fundi redio, mtu wa maneno machache. Nilimwambia nataka wimbo ung'ae. Akabonyeza.

Hakuna aliyegundua. Mama alipanda, akaigusa do ya juu kwa ncha tu, akashuka. Akaitazama karatasi kidogo. Basi.

Mpango wangu ni huu, niuandike ili nijione nilivyo. Kila mazoezi nusu sauti. Taratibu. Atachoka mwenyewe, atasema mwenyewe, hakuna atakayekuwa amemfukuza. Nitakuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini heshima yake itabaki.

Heshima yake? Au yangu?

Jumamosi, 14 Septemba

Namba 2.

Kitufe kile kina ubaya wake: ukizima kinanda, kinasahau. Kila mazoezi lazima kibonyezwe upya tangu mwanzo. Kwa hiyo siwezi hata kujidai kwamba nilipitiwa.

Besi wamefurahi, eti leo hawakuzama. Wanaume wa teno wananung'unika. Kinyozi, ambaye ndiye kiongozi wa teno, kasema anajisikia kama amefungwa tai na adui yake. Tukacheka wote. Mama kacheka mpaka kafuta macho. Kisha mstari wa tatu sauti ikampasuka. Kidogo tu, kama kitambaa kinaponasa kwenye msumari. Akaniomba radhi. Mimi! "Samahani, mwalimu." Nikamwambia hakuna neno, tuendelee.

Hakuna neno, nasema. Mimi huyuhuyu.

Jumatatu, 16 Septemba

Ameacha maji ya baridi. Asubuhi asali na maji ya moto, jioni tena. Mchana haongei, anatunza sauti. Kasuku — binti yangu, jina kalipata kwa kurudia kila anachosikia — akimwuliza kitu anajibiwa kwa mikono. Yeye anadhani ni mchezo, naye anajibu kwa mikono. Chakula cha mchana kimeliwa hivyo, kimya, mikono inaruka juu ya sahani. Ningekuwa mtu mwema ningecheka.

Jioni nimemsikia chumbani kwake, anajaribu mstari wa tatu bila kinanda. Anafika! Anafika vizuri kabisa, maana kule chumbani anaanzia do yake ya siku zote. Akatoka uso umechangamka. "Mwanangu, imerudi!"

Nikaenda uani kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne, 17 Septemba

Namba 3. Imempasuka mbele ya wote, mara mbili. Nesi alitazama viatu vyake. Mwenyekiti akanikonyeza.

Alinikonyeza! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na karatasi zangu.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama kaniomba nimsindikize hospitali. Anataka kupimwa koo. Nikaomba ruhusa dukani, nikavaa vizuri, kama vile mimi ni mkwe wa kupigiwa mfano.

Daktari kijana, mcheshi. Kammulika kwa tochi, kamwambia aseme aaa. Mama akasema aaa — katika sauti yake, safi, ikajaa chumba chote, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia. Daktari kasema koo halina tatizo, huenda ni umri tu. Mama akamwuliza kama umri unaweza kumjia mtu kwa wiki mbili. Daktari akacheka. Nami nikacheka, nisije nikalia.

Njiani tukapita soko. Kisha akasema nyumbani sauti inafika, kanisani haifiki. Kalifikiria sana. Labda Mungu hataki tena aimbe mle ndani. "Nimemkosea nini, mwanangu?"

Barabara nzima ilikuwa nafasi yangu. Ndefu, ya vumbi, hakuna mtu wa kutusikia. Nikamwambia asiwaze hivyo, Mungu hana kinyongo. Nikambebea mkoba. Ndicho nilichoweza, kubeba mkoba.

Naona aibu hata kuandika hapa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nilikwenda nimeshakata shauri: leo sifuri. Nimwache aimbe, kamati inifukuze mimi. Nilijikaza kisabuni, nikayafanyia mazoezi maneno ya kumwambia mwenyekiti, hata nikapendezwa nayo.

Nikachelewa kwa sababu ya mteja mwenye barua za mwaliko. Nilipoingia, kwaya imesimama, kinanda kimewashwa, kioo kinasoma 4. Vidole kabonyeza mwenyewe! Ameshazoea: kila mazoezi tunaongeza moja. Ningesema neno moja tu, rudisha. Wote walikuwa wananitazama. Nikanyanyua mikono, tukaanza.

Mama hakufika hata mstari wa tatu. Aliacha kuimba katikati ya wa pili, akainua kiganja. Kinanda kikanyamaza. Akasema na wenzake kwa utulivu, kama anayegawa zamu za kufagia kanisa. Sauti yake imekwisha. Mwalimu ameliona siku nyingi, hakusema, amemstahi kwa sababu ni mama mkwe wake. Lakini yeye masikio anayo. Ubeti wa kwanza auchukue Nesi. Na jambo moja: wasije wakaushusha wimbo kwa ajili yake.

Wakapiga makofi. Alto wawili walikuwa wanalia. Nesi akamkumbatia. Mwenyekiti akanibana mkono, akaninong'oneza kwamba nina hekima ya ajabu, nimefanyaje?

Nimepata nilichokitaka, na kila mtu ananishukuru.

Jumatano, 25 Septemba

Nyumba imenyamaza. Sikujua kwamba alikuwa anaimba kiasi kile. Akipiga pasi, akitandika kitanda, akitafuta miwani ambayo iko kichwani. Sasa pasi inakwenda kimya. Kasuku kaniuliza kama bibi ameharibika kama redio, na kama Vidole anaweza kumtengeneza.

Nesi anakuja jioni kufundishwa. Mama anamfundisha kwa mkono tu, hataki kuimba. Mkono unapanda, unasubiri, unashuka. Anamwonyesha pa kuvuta pumzi, neno la kulilemea na la kuliachia. Nesi anashika haraka. Leo kaniambia jikoni kwamba hajawahi kufundishwa hivi, kisha akauliza, mama alikuwa akiimbaje wimbo huu zamani? Nikampa glasi ya maji.

Baba watoto karudi kazini, kamkuta mama yake amekaa gizani, hajawasha taa. Kaniita chumbani. Anasema mama amezeeka ghafla, nimeona? Macho yake yalikuwa mekundu. Ananiomba nimwangalie sana, eti mimi ndiye ninayemjua kuliko yeye.

Ndiyo. Namjua mpaka nusu sauti.

Jumanne, 1 Oktoba

Baada ya mazoezi Vidole alibaki akikunja nyaya. Akauliza bila kuniangalia: mama si ameshajitoa, sasa turudishe? Teno wanakabwa. Hata Nesi anaomba maji kila ubeti.

Nikasema hapana. Mama bado anasimama nyuma, sauti ya kwanza, anaimba ubeti wa pili na wa nne kwa chini. Tukirudisha, atasikia. Atajua palepale. Kwa hiyo ni lazima kwaya nzima ikabwe ili mimi nisijulikane.

Hayo ya mwisho sikumwambia. Nilisema tu kwamba wimbo unang'aa.

Vidole akakunja waya wa mwisho, akaufunga kwa mpira. Kasema alipobonyeza ile ya kwanza alidhani ni kung'aa kweli. Akabeba kinanda, akatoka. Mwanzoni alikuwa akinitania na kuniita maestro. Leo hata kwaheri hakusema.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo dukani nimetoa kopi za mwisho za mpangilio wangu, za kuwapa majaji. Zimetoka nzuri, safi. Pale juu, kwenye herufi ya ufunguo, bado iko ileile ya zamani. Sikuibadilisha tangu mwanzo. Majaji watasoma hivi na kusikia vile, watadhani ni kosa la mashine.

Mara tatu nimejaribu kusema na mama leo. Mara ya kwanza alikuwa anasali. Mara ya pili Kasuku alikuwepo. Mara ya tatu hakukuwa na sababu yoyote.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika haraka. Niko jikoni.

Kinanda kimelala kwetu, gari la kwaya litaanzia hapa kesho asubuhi. Vidole kakiweka sebuleni, kaondoka hata chai hakunywa. Baada ya chakula mama akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa joho la kwaya, kalipiga pasi, na viatu vyake vya kanisani. Kasema ana ombi dogo. Kesho hataimba ule ubeti, sawa, ameshakubali. Lakini angependa mwanawe amrekodi kwa simu, humu ndani, mara moja tu, kabla sauti haijakwisha kabisa. Hata ikipasuka. Kasuku aje ajue bibi yake alikuwa anaimba nini. Akaniomba nimpigie.

Nikawasha kinanda. Kioo kikaandika sifuri.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikibonyeza mara nne, itampasuka, na hicho ndicho mwanangu atakachobaki nacho cha bibi yake. Nisipobonyeza, atafika, na ataanza kuuliza. Mama alikuwa anasawazisha kola. Baba watoto ameinua simu. Kasuku kakaa chini na kujiziba mdomo kwa mikono miwili, maana ameambiwa asirudie.

Sikubonyeza.

Nikampa do. Akaimba. Inatetemeka, ndiyo, kamati haikusema uongo. Lakini ilipanda! Mstari wa tatu ilipanda ngazi zote, ikasimama juu pale, ikakaa, ikashuka yenyewe kwa hiari yake. Nilikuwa nimesahau. Wiki hizi zote nimeusikiliza wimbo huu na nilikuwa nimesahau ulivyo. Machozi yakaangukia kwenye kinanda, nikafuta kwa kiwiko nisikose nota. Baba watoto analia waziwazi. Kasuku akashindwa kujizuia, akaurudia mstari wote wa tatu, akafika.

Mama hakufurahi. Mimi nilimtazama. Alisimama akisikiliza kitu ambacho kilikuwa kimeshanyamaza. Kisha akaivuta miwani kutoka kichwani, akaja upande wangu, akainama kwenye kioo.

Akauliza polepole. Yeye alisimama kando ya kinanda miaka yote. Siku ile ya mwisho hapa palikuwa na nne. Leo pana sifuri. Hii namba ni ya nini, mwanangu?

Nikasema naangalia maji jikoni.

Hakuna maji niliyokuwa nimeteleka. Nimeyateleka sasa.

Namsikia baba watoto akimpeleka Kasuku kulala. Sebuleni mama kabaki peke yake. — Amegusa kinanda. Nota moja. Do. Ile yake.

Kimya.

Do tena. Si ile. Imepanda kidogo. Anabonyeza kitufe.

Tena. Imepanda.

Anaimba juu yake, taratibu, mstari wa tatu tu. Amefika. Anabonyeza. Anaimba tena. Imempasuka, naye haombi radhi kwa mtu.

Mara ya nne. Hakuimba. Amekaa na ile do ya juu, kidole hakitoki kwenye kinanda, inalia tu, inalia, nyumba nzima.

Imenyamaza.

Maji yanachemka. Kifuniko kinagonga. Nimekishika kwa mkono mtupu nisisikike, nimeungua.

Ananiita.

"Mwalimu!"

Tuko nyumbani, na ameniita mwalimu. Ameita tena.